Ini Lenye Mafuta na Usikivu wa Insulini: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Katika vituo vya afya vya Kinondoni na Temeke, kuanzia Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi, ripoti za utrasaundi ya tumbo huja na maneno mafupi ambayo mgonjwa hakuyatarajia: ini lina mafuta. Mara nyingi alikwenda kupimwa mawe ya nyongo, figo au uvimbe wa kizazi, na habari ya ini ikaja kama nyongeza. Hapo hutokea mojawapo ya mambo matatu. Wengine huambiwa kwamba ni jambo dogo, wakaiweka ripoti kabatini. Wengine hushikwa na hofu wakidhani wamepata homa ya ini, wakaanza kutenga vyombo vyao vya kulia. Wengine hununua dawa ya chupa inayodaiwa kusafisha ini.

Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba njia zote tatu zinapoteza nafasi adimu. Mafuta ndani ya ini ni dalili kwamba mazungumzo kati ya ini na insulini yameharibika, na kwa watu wengi dalili hiyo hutangulia kisukari kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ripoti ile, kabla ya kuwa habari ya ugonjwa wa ini, ni habari ya insulini. Anayeielewa hivyo mapema ana muda wa kuchukua hatua.

Insulini inaliambia ini nini?

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Baada ya mtu kula, glukosi hupanda katika damu, na kongosho hutoa insulini ipeleke ujumbe sehemu tatu. Misuli huambiwa ifungue milango ipokee glukosi. Tishu za mafuta huambiwa zishike mafuta yake, zisiyaachie kuingia katika damu. Ini huambiwa mambo mawili kwa pamoja: liache kutoa glukosi, na lihifadhi ziada, kwanza kama glikojeni, na inayobaki kama mafuta.

Usikivu wa insulini ni kipimo cha jinsi viungo hivyo vinavyouitikia ujumbe huo. Mwaka 1936 daktari Mwingereza Harold Himsworth aliwapa wagonjwa wa kisukari glukosi na insulini kwa wakati mmoja, akagundua kwamba wamo ambao sukari yao ilishuka upesi na wamo ambao haikujali insulini hata kidogo. Ndipo ilipoanza kueleweka kwamba kisukari hakisababishwi na upungufu wa insulini peke yake. Mtu anaweza kuwa na insulini nyingi katika damu na bado sukari ikapanda, kwa sababu viungo vimekuwa sugu.

Jambo hili linajibu swali linaloulizwa karibu kila siku kliniki: "Daktari, sijala kitu tangu jana jioni, mbona sukari ya asubuhi iko juu?" Jibu ni kwamba usiku ini ndilo linalolisha damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, insulini kidogo inayotolewa usiku inatosha kulizuia ini lisitoe glukosi kupita kiasi. Ini lililojaa mafuta halisikii katazo hilo vizuri, hivyo huendelea kumimina glukosi usiku kucha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni kioo cha tabia ya ini kuliko chakula cha jana.

Mafuta hayo yanatoka wapi?

Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokuwa na matone ya mafuta. Wengi hudhani kwamba mafuta hayo yanatoka moja kwa moja katika kikaango. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walifuatilia chanzo cha mafuta hayo katika kundi dogo la wagonjwa kwa kutumia viini vilivyowekewa alama. Walikuta kwamba kiasi cha asilimia 59 kilitoka katika tishu za mafuta za mwili zilizokuwa zikivujisha, asilimia 26 kilitengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu kilitoka katika mafuta ya chakula.

Takwimu hizi zina maana kubwa mezani. Mgonjwa anayeacha chipsi lakini akabaki na soda mbili kwa siku na sahani ya ugali iliyojaa amegusa sehemu ndogo ya tatizo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35 hadi 40, na sehemu kubwa ya fruktosi iliyomo humalizwa na ini, ambako ni rahisi kugeuzwa mafuta. Juisi ya miwa na juisi za matunda zilizoongezwa sukari hazina tofauti kubwa na soda mbele ya ini, hata kama zimetengenezwa nyumbani.

Duara linalojizungusha

Je, mafuta husababisha usugu wa insulini, au usugu wa insulini husababisha mafuta? Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tishu za mafuta zinapojaa, hasa zile za ndani ya tumbo, huacha kuitii insulini na kuvujisha mafuta ambayo hufika kwenye ini. Ndani ya seli za ini, baadhi ya mazao ya mafuta hayo hukatiza ujumbe wa insulini. Ini huendelea kutoa glukosi, nalo kongosho hulazimika kuongeza insulini. Lakini usugu huo si wa pande zote. Ini huwa kiziwi kwa amri ya kuacha kutoa glukosi, ilhali amri ya kutengeneza mafuta huendelea kutekelezwa. Kadiri insulini inavyozidi ndivyo mafuta yanavyotengenezwa zaidi. Aidha, ini lenye afya huondoa karibu nusu ya insulini inayolipitia mara ya kwanza. Ini lenye mafuta huondoa pungufu, na kiwango cha insulini mwilini huzidi kupanda.

Ini likijaa husafirisha mafuta katika damu, na trigliseridi hupanda. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alipendekeza mwaka 2008 kwamba sehemu ya mafuta hayo hufikia kongosho na kulipunguzia uwezo wa kutoa insulini kwa wakati. Siku kongosho linaposhindwa kuifidia hali hiyo, kisukari cha aina ya pili hudhihirika. Mgonjwa huona kwamba kimeanza siku aliyopimwa, kumbe safari ilianza zamani.

Jiji na mwili

Ushahidi wa jinsi maisha ya mjini yanavyoiandaa hali hii tunao hapa nyumbani. Utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa kijijini wilayani Hai, Kilimanjaro. Kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake wa mjini, dhidi ya 1.7 na 1.1 kijijini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria asilimia 9.1 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64.

Utafiti unaofundisha zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Baada ya miezi 12 tu, wanaume walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 2.30 na wanawake kilo 2.35. Wanaume waliofanya kazi za nguvu walipungua kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na wanawake kutoka 37.8 hadi 15.6. Si kila kitu kiliharibika: ulaji wa matunda na mboga uliongezeka, na shinikizo la damu halikupanda. Kwa hiyo jiji si sumu kwa ujumla wake. Kilichotoweka ghafla ni jembe, mzigo na mwendo. Nafasi yake ikachukuliwa na kiti cha daladala, bodaboda na kukaa dukani kutwa.

Nani achunguzwe, na kwa njia gani?

Ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi. Dalili zake husomwa nje ya ini. Kipimo cha kwanza ni utepe wa fundi cherehani: kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke kinaashiria hatari. Kipimo cha pili ni macho. Ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani mara nyingi ni alama ya insulini nyingi katika damu. Wagonjwa wengi wameisugua kwa dodoki na sabuni miaka nenda rudi wakidhani ni uchafu. Ni wajibu wetu kuwaeleza kwamba haitoki kwa kusuguliwa. Kipimo cha tatu ni historia: kisukari cha ujauzito, mzazi au ndugu mwenye kisukari, shinikizo la damu.

Tangu mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vimeubadilisha ugonjwa huu jina ili uhusiano wake na umetaboli utajwe waziwazi. Hutambuliwa pale ini lenye mafuta linapoambatana na angalau kimoja kati ya hivi: unene au kiuno kikubwa, sukari ya asubuhi ya 5.6 mmol/L au zaidi, HbA1c ya asilimia 5.7 au zaidi, au kisukari. Shinikizo la 130/85 au zaidi, au matumizi ya dawa zake. Trigliseridi ya 1.70 mmol/L au zaidi. Au HDL ya chini. Pombe iulizwe kwa adabu na bila hukumu, kwa maana nayo hujaza ini mafuta. Homa ya ini aina ya B na C ipimwe, kwa sababu mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja.

Tahadhari mbili ni muhimu hapa. Kwanza, utrasaundi huweza kukosa kuonyesha mafuta yakiwa chini ya takribani asilimia 20. Pili, miili ya watu haifanani. Katika utafiti wa Dallas, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, mafuta kwenye ini yalionekana kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 33 ya wazungu na asilimia 24 ya watu weusi. Tafiti za Afrika Kusini nazo zimeonyesha kwamba wanawake weusi wanaweza kuwa na mafuta machache ndani ya tumbo na bado wakawa na usugu mkubwa wa insulini. Funzo kwetu ni hili: ini lenye mafuta linaashiria usugu wa insulini, lakini ini lililoonekana safi kwenye picha si cheti cha kuepukana nao. Mwenye kiuno kikubwa na ukoo wa kisukari apimwe sukari hata kama utrasaundi yake ni nzuri.

Kupima insulini yenyewe katika damu si lazima. Sukari ya asubuhi, shinikizo la damu, utepe na mafuta ya damu vinatosha kuongoza uamuzi. HbA1c isomwe kwa uangalifu kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu, kwani inaweza kupotosha.

Je, ini limeanza kupata makovu?

Wagonjwa wengi wana mafuta tu. Wachache hupata uchochezi, kisha makovu, na baadhi yao ini husinyaa au kupata saratani. Swali la mhudumu ni nani anayeelekea huko. Kipimo cha FIB-4 kinaweza kukokotolewa popote kwenye maabara ya kawaida: zidisha umri kwa AST, kisha gawanya jibu kwa idadi ya chembe sahani (kwa maelfu) iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mama lishe wa miaka 52 anayeishi Mbagala, hanywi pombe, vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha maambukizi. Ana kilo 84, urefu sentimita 160, kiuno sentimita 104, sukari ya asubuhi 6.4. AST yake ni 40, ALT ni 49, chembe sahani ni 200. Umri mara AST ni 2,080. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, na 200 mara 7 ni 1,400. FIB-4 yake ni takribani 1.5.

Chini ya 1.3, hatari ya makovu makubwa ni ndogo, na mgonjwa abaki kituoni kwake akifuatiliwa. Juu ya 2.67, apelekwe kwa mtaalamu. Katikati, kama mama huyu, anahitaji kipimo cha ugumu wa ini pale kinapopatikana, au ushauri wa hospitali ya rufaa. Kwa aliyevuka miaka 65 kikomo cha chini huwa 2.0, na kwa vijana chini ya miaka 35 kipimo hiki si cha kutegemewa. Wala kisikokotolewe mgonjwa akiwa na malaria au dengi, kwa kuwa chembe sahani hushuka na hesabu hutoa tishio la uongo. Subiri apone.

ALT ya kawaida isimfariji mhudumu kupita kiasi. Makovu yanaweza kuwepo nayo ikiwa ya kawaida.

Tiba: ini ni la kwanza kusikia tena

Habari njema ni kwamba duara lile huzunguka pia kinyume. Mwaka 2011 kundi la Profesa Taylor liliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili chakula cha takribani kilokalori 600 kwa siku chini ya uangalizi. Ndani ya siku 7 mafuta ya ini yalipungua kwa karibu theluthi moja na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Baada ya wiki 8 mafuta ya ini yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa asilimia 12.8 hadi 2.9. Katika jaribio kubwa lililofuata Uingereza, lililochapishwa mwaka 2018, asilimia 46 ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa bila kisukari na bila dawa zake baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mlo mkali wa namna ile haufanywi nyumbani bila daktari. Mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula ghafla anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu. Dawa hurekebishwa kwanza.

Kwa walio wengi, lengo la hatua kwa hatua linatosha. Kupungua kwa asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uchochezi. Katika utafiti uliofanyika Kuba na kuchapishwa mwaka 2015, kati ya waliopunguza asilimia 10 au zaidi, uchochezi uliondoka kwa asilimia 90 na makovu yalirudi nyuma kwa asilimia 45. Kwa mama lishe wa mfano wetu, asilimia 5 ni kilo 4.2 na asilimia 10 ni kilo 8.4.

Njia za kufika huko hazihitaji vyakula vya kigeni:

1. Soda, juisi yenye sukari na chai ya sukari nyingi ndizo za kwanza kuondoka. Maji yachukue nafasi yake.

2. Sahani igawanywe: nusu mboga kama mchicha, matembele au kisamvu kisicho na nazi nyingi; robo maharage, dagaa, samaki au kuku; robo ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe, ila kipimo cha mkono hakibadiliki. Mahindi yenye ukungu yasiliwe kabisa, kwa sababu sumukuvu ni adui mwingine wa ini.

3. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku 5 kwa wiki. Misuli inayofanya kazi huongeza usikivu wa insulini kwa siku moja hadi mbili hata kabla mizani haijasogea. Kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri.

4. Pombe iachwe, hasa kwa mwenye makovu.

5. Kahawa chungu bila sukari haina ubaya kwa ini. Tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache. Kashata inayoandamana nayo ni hesabu nyingine.

Metformini husaidia sukari lakini haiondoi makovu ya ini. Dawa mpya mahususi zimeanza kuidhinishwa nje ya nchi tangu mwaka 2024, nazo hutolewa pamoja na mabadiliko ya maisha. Dawa za mitishamba za kusafisha ini hazina uthibitisho, na baadhi ya mitishamba hulidhuru ini lenyewe.

Kikwazo kisichoonekana maabara

Katika mitaa yetu kitambi kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa alama ya maisha kumnyookea mtu, na anayepungua huulizwa kwa minong'ono kama anaumwa. Kumbukumbu ya miaka ya UKIMWI kabla ya dawa haijafutika. Mgonjwa anayeanza kufaulu ndiye anayekumbana na maneno hayo, na wengine hurudia uzito wao ili kuwanyamazisha majirani. Mhudumu azungumze na familia, si mgonjwa peke yake. Mke, mume au mama mkwe akielewa kwamba kupungua huku kumepangwa, chungu cha nyumbani hubadilika na maneno ya uani hupungua. Vilevile, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na ameongezeka uzito asiziache; amweleze mtoa huduma wake.

Hitimisho

Ini lenye mafuta haliambukizi, si hukumu, wala si jambo la kupuuza. Wengi wa wenye hali hii hawafi kwa ini bali kwa magonjwa ya moyo na mishipa, kupitia usugu uleule wa insulini. Kwa hiyo kila anayepewa ripoti hiyo atoke kituoni akiwa na mambo manne yaliyoandikwa kwenye kadi yake: sukari ya asubuhi, shinikizo la damu, kipimo cha kiuno na FIB-4. Apewe pia lengo moja la uzito kwa kilo, si kwa maneno, na tarehe ya kurudi isiyozidi miezi mitatu. Akirudi na kiuno kikiwa kimepungua sentimita chache, apimwe tena sukari ya asubuhi, naye mwenyewe aonyeshwe namba hizo mbili zikiwa zimeandikwa pamoja.